Kipimo cha Mume Kitangulie

Mwaka mzima ukipita mume na mke wakikutana mara kwa mara bila kuzuia mimba, na mimba isiingie, wakati wa kupimwa umefika. Mke akiwa amefikisha miaka 35, miezi 6 inatosha. Mijini Butembo na Beni, huku kwetu Kongo, kama kwingi barani Afrika, safari ya vipimo mara nyingi huanzwa na mke peke yake. Yeye ndiye anayeulizwa na mawifi, yeye ndiye anayepelekwa hospitalini, kwa mganga wa miti shamba na kwenye maombi, na pengine kurudishwa kwa mbuzi wa mahari huanza kutajwa kabla mume hajapimwa chochote. Kijitabu hiki kinatetea mpango mwingine: mume apimwe kwanza, au wapimwe wote siku moja, na mke asianzishiwe dawa wala upasuaji wa kutafuta mimba kabla majibu ya mume hayajasomwa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na ugumba wakati fulani maishani. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, kuna sababu upande wa mume, iwe peke yake au pamoja na ya mke. Tena vipimo havilingani kwa uzito. Mke huenda akahitaji kupigwa picha ya mirija kwa dawa inayopitishwa kwenye kizazi, jambo linaloweza kuuma, pamoja na vipimo vya homoni vinavyofuata siku za hedhi. Mume hutoa shahawa kwenye kikombe kisafi, basi. Kipimo hicho, spermogramu, hutaka akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na shahawa ifike labo ndani ya saa moja ikiwa imewekwa karibu na mwili, maana baridi ya asubuhi ya Butembo hupunguza mwendo wa mbegu. Mwongozo wa mwaka 2021 wa shirika hilo unataja mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 zinazotembea, kuwa mpaka wa chini wa kulinganishia. Aliye chini ya hapo hajahukumiwa. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, na homa kali, hata ya malaria, inaweza kuzishusha kwa majuma mengi. Kipimo chenye jibu baya kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi kabla ya kuamua lolote.

Pingamizi linalosikika zaidi ni hili: mwanamume mwenye nguvu kitandani hawezi kuwa na kasoro. Mwili haufanyi kazi hivyo. Sehemu kubwa ya shahawa ni majimaji yanayotoka katika tezi za ndani, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana, hivyo mtu anaweza kumwaga kama kawaida na kusiwe na mbegu hata moja. Hamu na nguvu hutegemea mambo mengine. Zipo hata sindano za testosteroni ambazo wengine huzitafuta ili waongeze nguvu, nazo huudanganya ubongo ukaacha kuziamuru korodani zitengeneze mbegu. Hapo mtu anajiongezea nguvu huku akijifungia uzazi. Wengine husema, "Alishazaa na mwanamke mwingine." Huenda ni kweli, lakini tangu wakati ule kisonono au klamidia inaweza kuwa imeziba njia ya mbegu, au mishipa ya korodani imevimba, hali iitwayo varikoseli. Nchi yetu ina ushahidi wa zamani juu ya hili. Uchunguzi wa watu uliofanywa Kongo ya Kibelgiji mwaka 1955 hadi 1957 ulikuta sehemu za Ekwateri na Uele zenye wanawake wengi wasio na mtoto, na watafiti wakayataja magonjwa ya zinaa kuwa sababu kubwa. Magonjwa hayo hayakai kwa mke peke yake.

Aibu ya kikombe nayo ipo, lakini miji hii imeshaonyesha kwamba inaweza kushindwa. Wakati na baada ya mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020, wanaume waliopona waliombwa kupimwa shahawa mwezi kwa mwezi, kwa sababu virusi vinaweza kujificha humo muda mrefu baada ya damu kuwa safi. Ugonjwa uliporudi eneo la Butembo Februari 2021, watu 12 waliugua na 6 wakafa, na uchunguzi wa virusi uliuhusisha na mlipuko uliotangulia. Wanaume waliokubali kipimo kile waliwalinda wake zao na majirani zao, na wanastahili shukrani. Ila kipimo kile hutafuta virusi, hakihesabu mbegu. Aliyepona akaambiwa yu safi bado anahitaji spermogramu ikiwa mtoto hapatikani, na ambaye hajapata majibu mawili yasiyo na virusi ayapate kwanza kabla ya kutafuta mimba.

Katika Jimbo Katoliki la Butembo-Beni wapo Wakatoliki wanaokataa kipimo kwa sababu ya namna ya kupata shahawa. Wasichekwe. Zipo kondomu maalumu zisizodhuru mbegu, zenye tundu dogo, zinazotumika katika tendo la ndoa lenyewe, na madaktari Wakatoliki wengi huzitumia. Kondomu ya kawaida haifai, inaharibu mbegu. Tamko la Kanisa la mwaka 1987, Donum Vitae, linakataa mimba kutungwa nje ya mwili, lakini halimkatazi mume kujua hali yake wala kutibiwa. Kwa Waislamu, wanazuoni wengi wa Kisunni huruhusu msaada wa kitabibu kati ya mume na mke walio ndani ya ndoa, na hukataa mbegu ya mtu wa tatu.

"Tupime ya nini, na matibabu hatuyawezi?" Swali hili ni zito, lakini linachukulia kwamba kila jibu huishia kwenye gharama kubwa. Maambukizo hutibiwa kwa dawa, wote wawili pamoja. Varikoseli inayoshikika kwa mkono inaweza kupasuliwa. Kuacha tumbaku na sindano za testosteroni kunaweza kurudisha mbegu, ingawa huchukua miezi. Ulizeni kipimo na upasuaji katika hospitali za karibu, kama Matanda au Kitatumba mjini Butembo, au Hospitali Kuu ya Beni, kabla ya kufikiria mbali.

Mbegu zikiwa chache sana, ipo njia iliyofaulu mara ya kwanza Brussels mwaka 1992: mbegu moja hudungwa ndani ya yai, kisha kiinitete hupandikizwa katika kizazi. Hata asiye na mbegu kwenye shahawa huenda akachukuliwa mbegu ndani ya korodani. Kwa watu wa huku, miongoni mwa kliniki za karibu ni za Kampala, kwa njia ya Kasindi na Mpondwe, na gharama ni maelfu ya dola. Jaribio moja mara nyingi halileti mtoto, na umri wa mke ndio unaoamua zaidi. Hapa ndipo miaka iliyopotea kwa kumtibu mke peke yake inapouma. Kabla ya kuuza kiwanja, ulizeni kliniki ni wanawake wangapi wenye umri kama wa mke waliojifungua, si waliopata mimba tu, na bei iliyotajwa inafunika nini. Kubalianeni mtasimama baada ya majaribio mangapi. Mkifikiria mbegu ya mtu mwingine, au kulea mtoto wa ndugu, nyote wawili mridhie kwa hiari kabla hatua yoyote haijaanza, na kliniki iandike ridhaa hiyo.

Majibu ni ya mume na mke. Daktari hana ruhusa ya kumpa mama mkwe wala kaka mkubwa bila idhini yao. Ukoo ukiuliza, yatosha mume mwenyewe aseme, mbele ya mke wake, kwamba wanatibiwa wote wawili.