KUPAKA RANGI VISANAMU: SOMO LA KUTAZAMA

Wako wanafunzi wengi wanaoacha somo la sanaa mapema, nao husema, "Mwalimu, mkono wangu mzito, sikujaliwa kipawa." Maneno hayo nimeyasikia kila mwaka tangu nianze kufundisha. Kwa hiyo nimeona heri niandike katika gazeti letu juu ya kazi moja ndogo ya mchezo niliyojifunza nilipokuwa masomoni Nottingham, katika Uingereza. Kazi yenyewe ni kupaka rangi visanamu vya viumbe vya kubuni: mazimwi, majoka, majitu, wachawi, na mbilikimo wenye mashoka. Nataka kuonyesha ya kuwa mkono hufuata jicho, na jicho hufundishika.

Kwanza tujue asili ya visanamu hivi. Katika Uingereza watu wamecheza vita vya mezani kwa askari wadogo wa madini tangu zamani. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za mchezo huo. Baadaye J. R. R. Tolkien aliandika The Hobbit, kilichotoka mwaka 1937, na The Lord of the Rings, kilichotoka mwaka 1954 na 1955. Vitabu hivyo viliwatia wasomaji hamu kubwa ya mazimwi na majoka. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa katika Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, na mwaka 1983 kampuni ya Games Workshop ikatoa katika Uingereza mchezo wa Warhammer. Kampuni hiyo makao yake yako Nottingham hata leo. Mwaka 1987 ilianzisha mashindano ya wapaka rangi yaitwayo Golden Demon, ambayo mshindi wa washindi hupewa upanga. Ndivyo wengi walivyokuja kupenda kupaka rangi kuliko hata kucheza vita vyenyewe.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana siri yote imo humo. Kisanamu cha mtu aghalabu huwa na kimo cha milimita 28 hivi. Mtu wa sentimita 168 akipunguzwa mara 60, huwa milimita 28. Jicho la mtu lenye upana wa milimita 30 huwa nusu milimita tu. Tena, mtu akikiweka kisanamu mezani na kukitazama kwa umbali wa sentimita 60, ni sawa na kumtazama mtu mzima aliye umbali wa mita 36.

Nenda uwanja wa mpira, umsimamishe rafiki yako mita 36 mbali nawe, umtazame vizuri. Je, waona vifungo vya shati lake? Waona kope zake? La. Waona mahali penye mwanga na mahali penye giza. Waona rangi ya nguo zake. Na zaidi ya yote waona namna anavyosimama. Hata kama hukuuona uso wake, ungeweza kumjua kwa mwendo na mabega. Basi mpaka rangi wa visanamu kazi yake ni kumsaidia mtazamaji aliye mbali. Ndiyo sababu mafundi wengi wanaochonga visanamu hivi huvipa vichwa na mikono mikubwa kuliko kadiri ya mwili. Na ndiyo sababu sisi wapaka rangi hapana budi tuongeze giza katika mikunjo na mwanga juu ya vilima, kwa kuwa vivuli vya kitu kidogo namna hii ni hafifu mno, jicho haliviambui.

Haya, tuingie kazini. Nitatumia mfano wa zimwi mmoja aliyeinua upanga juu.

La kwanza ni kusafisha. Kisanamu hutoka katika kalibu kikiwa na mshono mwembamba ubavuni. Uondoe kwa kisu au tupa ndogo, ukikwangua kwa kuelekea nje, mbali na vidole vyako. Kisha kioshe kwa maji na sabuni, ukiache kikauke. Hapa wazazi wanisikilize khasa: visanamu vingi vya madini vya zamani vilikuwa na risasi ndani yake, nayo ni sumu. Tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi wameiacha, na siku hizi vingi ni vya plastiki. Lakini mtoto akipewa kisanamu cha madini cha zamani, asikipige tupa wala msasa, maana vumbi lake lina madhara. Na anawe mikono kabla ya kula.

La pili ni kukigeuza kiwe chako. Kalibu moja hutoa maelfu ya mazimwi walio sawa kabisa, na kila mnunuzi anaye ndugu wa zimwi lako. Wengi wakitaka kulibadili hulibandika mapambo: mafuvu, mikufu, pembe. Lakini kumbuka zile mita 36; mapambo hayaonekani sana, ila msimamo huonekana. Mimi nilikata mkono wa zimwi begani, nikauelekeza chini, upanga ukagusa ardhi. Nikakata shingo na kukiinamisha kichwa kidogo. Viungo niliviunga kwa kipande cha waya mwembamba ndani na gundi. Nyufa zilizobaki nilizijaza kwa udongo wa gundi wa aina mbili, wa manjano na wa samawati, ambao ukikandwa pamoja huwa kijani na kukauka kwa usiku mmoja. Zimwi lililokuwa likishambulia likawa mlinzi aliyechoka, anarudi nyumbani. Sikuongeza kitu hata kimoja, bali kila aliyelitazama alisema, "Maskini, huyu amechoka."

La tatu ni rangi ya kwanza, ya kuzifanya nyingine zishike. Kwa kawaida ni rangi ya kupuliza ya kopo. Ipulize nje, penye hewa, kwa umbali wa sentimita 25 hivi, wala usiipulize ikajaa mikunjo.

La nne ni rangi zenyewe. Tumia rangi za akriliki zinazochanganyika na maji. Zizimue mpaka ziwe kama maziwa, upake mara mbili nyembamba, ukingoja ya kwanza ikauke. Rangi nzito ikipakwa mara moja hufunika kazi yote ya mchongaji. Chagua brashi yenye ncha iliyochongoka. Hata ikiwa nene kidogo tumboni si neno, kwa kuwa hushika rangi ya kutosha na rangi haikauki njiani.

La tano ni giza. Chukua rangi ya kahawia nzito, uizimue sana, uipitishe juu ya nguo na deraya. Yenyewe itatiririka na kutulia katika mikunjo. Usikimbilie nyeusi tupu. Kivuli cha nguo nyekundu hupendeza kikiwa na rangi ya damu ya mzee iliyoelekea kahawia. Na kivuli cha ngozi ya kijani hupendeza kikitiwa samawati.

La sita ni mwanga. Ongeza rangi nyepesi kidogo katika ile ya kwanza: chungwa katika nyekundu, manjano katika kijani. Ipake juu ya vilima tu: paji la uso, pua, mabega, vifundo vya vidole, ukingo wa upanga. Amua kwanza mwanga unatoka wapi, na usigeuze nia. Kwa manyoya na minyororo kuna njia nyepesi: chovya brashi, uifute katika kitambaa mpaka iwe karibu kavu, kisha uipitishe juu juu, rangi itashika palipoinuka peke yake.

Mwisho tia nukta za macho, bandika mchanga kwenye kitako kwa gundi, upake vanishi isiyong'aa ili rangi isibanduke kwa kushikwashikwa.

Sasa weka kisanamu hicho karibu na kingine kilichopakwa rangi bapa, kijani ngozini na nyekundu nguoni, bila giza wala mwanga. Rudi nyuma hatua moja. Kile cha pili kitaonekana kama tone la rangi. Cha kwanza kitaonekana ni kiumbe. Na kazi iliyofanya tofauti hiyo ina hatua zinazohesabika, kila moja mtu yeyote aweza kuifanya akiwa na subira. Anayesema hana kipawa na aniambie ni hatua ipi kati ya hizo iliyomshinda.

Najua wazazi watauliza faida ya mchezo huu, na gharama yake. Kuanza kwatosha kisanamu kimoja, brashi moja na rangi tano: nyekundu, manjano, samawati, nyeupe na kahawia. Na asiyeweza kununua kisanamu, afinyange chake kwa waya na udongo. Mwanga na giza ni vile vile. Faida ni kuwa mtoto hujifunza kuangalia kabla ya kutenda, na kumaliza alichoanza.

Kwa muhula ujao nawapa zoezi wote, hata walioacha sanaa. Pimeni mita 36 uwanjani. Mmoja wenu asimame kwa furaha, kisha kwa hofu, kisha kwa uchovu, naye asitumie uso wake hata kidogo. Wengine waandike ni kitu gani kilichowajulisha: bega, goti, shingo au mkono. Nileteeni karatasi hizo katika chumba cha sanaa, nasi tutaanzia hapo.

Mwalimu wa Sanaa