Somo: Muulize Kwanza Amefikaje



Akina mama wanaouza omena, kuanzia Dunga hadi soko la Kibuye, hupiga hesabu kutwa bila kalamu. Lakini wengi wao wakiingia darasa la ngumbaru, kalamu inawatia woga. Shida iko wapi?

Siku moja darasani kwetu tuliandika ubaoni 150 × 18. Mama mmoja alipata 1,350. Tukamwekea alama ya kosa, tukaendelea. Hapo tulikosea sisi.

Baadaye tulimwuliza: "Mama, ukiuza gorogoro 18 za omena, kila moja shilingi 150, utadai ngapi?"

Akajibu papo hapo: "2,700. Gorogoro 20 ni 3,000. Natoa mbili, 300."

Tukamwonyesha daftari lake. Akashtuka: "Kumbe hapa nimejiibia nusu!"

Tukatafuta kosa pamoja. Alikuwa amezidisha 150 kwa 8, akapata 1,200. Kisha 150 kwa 1, akapata 150, akajumlisha. Lakini ile 1 ya 18 si moja, ni kumi. Mwenyewe akasema: "Gorogoro kumi ni 1,500. Nane ni 1,200. Jumla 2,700." Kanuni ya shule aliieleza yeye.

Haya si ya kwetu tu. Mwaka 1985 watafiti nchini Brazil walichapisha habari za watoto wachuuzi wa mji wa Recife. Wakiuza, walipata karibu hesabu zote. Walipopewa namba tupu za kuandika, walipata kama 37 tu kwa kila 100.

Kwa hivyo, mwalimu wa kikundi:

1. Anza na bidhaa anayoijua mwanafunzi.
2. Muulize, "Umefikaje?" hata kama jibu ni sawa. Usimkatize.
3. Andika hatua zake ubaoni kama alivyozisema.
4. Ndipo uonyeshe njia ya shule, mzilinganishe.

Maandishi tusiyadharau. Hesabu ya kichwa haiachi alama, na pesa za chama ni lazima zikaguliwe na wote. Mwanachama asiyeelewa daftari huweka kidole gumba kwa jambo asilolijua.

Maswali ya kujadiliana:

- Katika kikundi chetu, ni nani wanaoweza kukagua daftari la mweka hazina?
- Gorogoro 25 kwa shilingi 180 ni pesa ngapi? Kila mmoja aeleze njia yake.