Mtoto anayekataa sweta na uji wa mabonge si mkaidi

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo akina mama wa huku Amani hulileta zahanati kwa aibu, kana kwamba wamelea vibaya. Mtoto ana miaka miwili, mzima, anacheza, lakini akivalishwa sweta analia mpaka sauti inakauka. Uji ukiwa na bonge moja tu anautema wote. Mlenda hagusi. Akikalishwa kwenye mkeka wa ukili anainua miguu. Jirani mmoja anasema kadekezwa, mwingine anasema ana jini, na bibi yake anashauri achapwe.

Kwanza tufahamu mwili alivyouumba Mwenyezi Mungu. Ngozi na ulimi vina mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo. Wewe ukivaa saa asubuhi, baada ya muda mfupi huisikii tena mkononi, kwa kuwa ubongo umeizoea. Wapo watoto ambao kwao mguso hauzoeleki upesi hivyo. Lebo ya nguo inaendelea kuwakwaruza, na bonge la uji mdomoni linawatia kichefuchefu cha kweli. Mtaalamu wa Marekani, A. Jean Ayres, aliandika kitabu juu ya hali hizi mwaka 1972, kwa hiyo si mambo ya kubuni ya akina mama wa leo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Katika nyumba nyingi mtoto akikataa uji, hulazwa mapajani, akabanwa pua na kumiminiwa uji kwa kiganja. Ndugu zangu, acheni jambo hili. Kooni njia ya chakula na njia ya hewa zimekaa jirani. Mtoto aliyebanwa pua hana pa kuvutia pumzi ila mdomoni, na mdomo umejaa uji. Anapovuta pumzi huku analia, uji unaingia mapafuni. Anaweza kupaliwa akafa hapo hapo, au baada ya siku chache akashikwa na nimonia, nanyi mkasema ni baridi ya mlimani. Hata akisalimika, kesho akiona kikombe tu anaanza kulia.

Katika Bukhari na Muslim tunasoma kuwa Mtume (s.a.w.) aliwekewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani, akaiacha kwa kuwa nafsi yake haikuipenda, wala hakuiharamisha. Khalid bin Walid (r.a.) akaila huku Mtume akimtazama. Ikiwa mtu mzima ana haki hiyo, mtoto wa miaka miwili je?

Hii haina maana aachiwe ale atakacho. Na hapa ndipo sisi tunaoishi na mashamba ya chai tunapoteleza. Mtoto akikataa maharage anapewa chai na mkate, kwa kuwa vinapita bila ugomvi. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, na mtoto anaishia kupungukiwa damu. Mbadilishie ulaini, usimbadilishie lishe. Maharage yakimshinda kwa maganda, yaponde uyachuje. Dagaa wasage unga, utie kijiko kimoja kwenye uji. Parachichi na ndizi za kuponda huku hazikosekani. Akishazoea, wiki ijayo ponda kidogo zaidi ya nusu tu, uache chembechembe ndogo. Chakula kigeni kiweke kidogo pembeni ya sahani, akiguse na kukichezea kwa mkono, asilazimishwe kumeza. Huenda akahitaji kukiona mara kumi au zaidi ndipo aonje. Ale pamoja nanyi kwenye sinia, awaone mnavyotafuna.

Kwa walio na mtoto mchanga: baada ya miezi sita mpeni vya kuponda, na kuanzia miezi minane vipande laini vya kushika mwenyewe. Anayebaki na uji mwepesi mpaka mwaka hupata taabu kuzoea.

Kuhusu baridi, sweta la mtumba la sufi lisiguse ngozi. Mvalishe kwanza fulana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, kata lebo, na suuza sabuni yote. Unapomwogesha au kumtawaza, tumia maji ya vuguvugu, mwambie kabla hujamgusa, na mshike kwa kiganja kizima. Mguso mwepesi wa ncha za vidole humkera zaidi. Kucha mkate baada ya kuoga, zikiwa laini.

Yapo ya kumpeleka kituoni bila kungoja: uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki, kupaliwa kila anapokula, kula udongo, viganja vyeupe, au utando mweupe na vidonda mdomoni. Mwombe mhudumu ampime mkono kwa utepe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Na kama pamoja na kukataa mguso haitiki akiitwa jina, hakutazami usoni, au maneno aliyokuwa nayo yamepotea, waeleze wahudumu hayo yote. Huenda ni usonji, naye anahitaji kuonwa na daktari Muheza au Bombo, Tanga, mapema kabla hajafikia umri wa shule.