Ini Lisilosikia: Tatizo la Istilahi za Kisukari

Katika Kiswahili ini ni makao ya hisia. Aliyeumizwa mno hukatwa maini. Makala haya yanalihusu ini la tabibu. Baada ya mlo, insulini huliamuru ini lipunguze kumwaga sukari damuni. Mafuta yakizidi inini, seli za kinga zilizomo huchokozeka na kutoa kemikali, mathalani TNF-alfa, ambazo huuvuruga ujumbe wa insulini. Maikro-RNA nazo, molekuli fupi zilizogunduliwa mwaka wa 1993, huzuia utengenezaji wa protini. Baadhi zikiongezeka, protini zinazoupokea ujumbe huo hupungua. Sukari huendelea kumwagwa.

Hali hii huitwa ‘usugu wa insulini’. Kwa maoni yangu, istilahi hii inapotosha: kilicho sugu ni seli, si insulini, na mgonjwa aweza kudhani dawa yake imeharibika. ‘Uvimbe’ ni hatari zaidi. Mama aambiwapo wodini hapa Eldoret kwamba ini lake lina uvimbe, anachosikia ni saratani. Afadhali ‘mchochota’, ambalo baadhi ya waandishi wa tiba wameshalitumia, ingawa (tukiri) mchochota huu wa ini mara nyingi hauchomi wala hauumi.