Bandama Lisilonywea: Kijitabu kwa Wenyeji wa Mwera

Katika pwani yetu hii, ambako mbu ni jirani wa tangu na tangu, mtu akivimba ubavu wa kushoto huambiwa papo hapo kwamba ni bandama la malaria, na aghalabu neno hilo huwa kweli. Walakini yako maradhi mengine yaingiayo kwa mlango huo huo, nayo hayasikii dawa ya malaria wala chale za mganga.

Mgonjwa huanza kwa kuona fundo la kikoi chake halikai tena kiunoni bali limeteremka chini ya uvimbe; akila matonge matatu hushiba, usiku jasho humlowesha shuka, na mashavu humbonyea ilhali tumbo lazidi kukua. Akipimwa damu, chembe nyeupe, ambazo kwa mwenye siha hazizidi kiasi cha 11,000 katika milimita moja ya ujazo, huweza kupita 100,000. Hiyo ni saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi, na asili yake ni jeni ya ABL1 iliyoharibika.

Kila mwanadamu anayo ABL1, nayo si adui. Hiyo ndiyo iagizayo kutengenezwa kwa protini mojawapo ya jamii ya kinasi, ambayo kazi yake sisi tuliokulia kando ya mashamba ya mkonge twaweza kuifananisha na ya nyapara atiaye alama katika kipande: kinasi huchukua fosfeti kutoka katika ATP, ambayo ni akiba ya nguvu ya chembe, ikaipachika juu ya protini nyingine. (Mfano una upungufu, maana kipande hutiwa alama kazi ikiisha, na protini hutiwa ili kazi ianze.) Sasa hutokea, katika chembe moja tu ya uboho, kromosomu ya 9 na ya 22 zikakatika na kubadilishana ncha, ABL1 ikaungana na jeni nyingine, BCR, na nyapara azaliwaye hapo hajui usiku wala mchana: hutia alama bila kukoma, na chembe nyeupe huzaana bila hesabu.

Kromosomu ya 22, ambayo kwa kubadilishana huko hubaki imefupika, iligunduliwa mwaka 1960 mjini Philadelphia na Peter Nowell na David Hungerford. Janet Rowley akabainisha mwaka 1973 jinsi ncha zilivyobadilishana. Na mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha imatinibu, kidonge kiketicho pale pale pa ATP, kama mtu aliyeziba kidau, nyapara akakosa wino.

Ajali hii humpata mtu baada ya kuzaliwa. Hakuirithi kwa wazazi, hatawarithisha wanawe, wala haiambukizi. Basi kumsingizia shangazi uchawi ni dhulma tupu.

Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wamepata kupewa imatinibu bila malipo kwa mpango wa msaada wa kimataifa. Humezwa kila siku, pamoja na chakula na bilauri nzima ya maji, hata bandama likisha kunywea, maana wengi huponzwa na nafuu wakaacha. Na mwanamke mwenye mimba, au aitakaye, sharti amwarifu tabibu mapema.

Basi ndugu, ikiwa umetumia dawa ya malaria ikaisha na bandama lingali pale pale, usingoje masika mengine: vuka kivuko cha Pangani, nenda hospitali ya Bombo, uombe kupimwa picha nzima ya damu.