Mhandisi wa Ndege za Jeshi
Mwanafunzi wa Gikondo huziona ndege zikishuka Kanombe, akatamani siku moja awe mhandisi wa helikopta za jeshi, mfano wa zile Mi-17 ambazo Rwanda ilizipeleka Sudan Kusini kulinda amani. Na ajibidiishe kwanza katika hisabati na fizikia. Chuo cha Kijeshi cha Gako, wilayani Bugesera, hufundisha uhandisi wa mitambo kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda. Nafasi hutangazwa hadharani, haziuzwi. Ndugu zetu wa mipakani, dalali adaiye fedha ni tapeli, aripotiwe polisi. Kazi yenyewe haina njia ya mkato: fundi huhesabu spana zake kabla ya kufunga injini. Ikikosekana moja, ndege hairuki mpaka ipatikane, hata rubani akiwa amekwisha kuketi.