Balbu Ikichoma Kiganja, Inakula LUKU

Leo usiku fanya hivi. Chukua kalamu na karatasi, zunguka nyumba nzima taa zikiwa zinawaka. Kwa kila balbu andika mambo mawili: wati zake, na saa inazowaka kwa siku. Kisha sogeza kiganja karibu nayo bila kuigusa. Ukihisi joto kama la kikaango, umempata mwizi wako. Balbu ya zamani, ile ya kioo yenye uzi unaowaka, hugeuza kama asilimia 5 tu ya umeme kuwa mwanga. Kilichobaki ni joto.

Najua utaniambia: Sumbawanga kuna baridi, hilo joto si linasaidia? Halisaidii. Wati 60 zinazoning'inia huko juu hazikuvui hata sweta. Joto lote linaishia kwenye bati.

Sasa piga hesabu. Balbu tano za wati 60, saa tano kila usiku, ni uniti moja na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni 45. Weka LED za wati 9 mahali pale pale, kwa saa zile zile, hufikishi hata uniti 7. Umebakiza uniti 38. Toa risiti yako ya LUKU uangalie elfu moja inakupa uniti ngapi. Ukikuta 2.8, hizo 38 ni zaidi ya shilingi 13,000 kila mwezi. Ukikuta 8 na ushei, uko kwenye daraja la matumizi madogo, lile lisilotakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Usijisahau kwa sababu ya unafuu huo. Ukivuka 75, bei inapanda zaidi ya mara tatu, na balbu hizi, zikijumlishwa na matumizi mengine, zinaweza kukuvusha.

Usibadilishe zote siku moja kama mfuko hauruhusu. Anza na inayowaka muda mrefu kuliko zote. Mara nyingi ni ya nje, inafuata ya jikoni, halafu sebuleni. Ya stoo, unayoiwasha dakika mbili ukachote maharage, isubiri hata mwaka.

Ukienda dukani, nenda na balbu ya zamani mkononi ili usirudi na ya pini wakati holda yako ni ya skrubu. Kisha soma boksi. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unapimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilikupa lumeni kati ya 700 na 800, basi tafuta namba hiyo. Boksi linalojisifu “9W = 100W” bila kutaja lumeni hata moja, lirudishe. Angalia pia alama ya ubora ya TBS.

Namba nyingine ya kutafuta ni ya volti, na kwetu hii ni muhimu kuliko rangi ya boksi. Umeme hushuka jioni watu wote wanapowasha. Kwa miaka mingi Sumbawanga imepata umeme kutoka Zambia kupitia Mbala, nje ya Gridi ya Taifa, ndiyo maana laini ya TAZA (Tanzania–Zambia) ya kilovolti 400 ilipangwa kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi huku. Lakini hata umeme mkubwa ukija, waya wa mtaani kwako utabaki ule ule. Nunua balbu iliyoandikwa 85–265V. Iliyoandikwa 220–240V peke yake inaweza kuanza kupepesa jirani akichomeka pasi.

Ishike mkononi. LED nzuri ina uzito kidogo, kwa sababu ndani ina alumini ya kuondoa joto kwenye vipande vinavyotoa mwanga. Nyepesi kama ganda la yai, iache. Mwambie muuzaji aipachike kwenye holda yake ya kujaribia, awashe na kuzima mara tatu. Kisha ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini, balbu inapepesa hata kama jicho lako halioni. Mtoto akisomea hiyo kila usiku, anaweza kulalamika kichwa.

Mimi bei ilinidanganya. Nilinunua tatu kwa bei ya moja, nikazipachika mvua za kwanza zilipoanza. Mbili zilikufa kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Siku hizi naandika tarehe ya kununua kwa maka pen kwenye kitako cha balbu, natunza na risiti. Ikifa mapema, sina haja ya kubishana na mtu.

Enaji seva, zile nyeupe zilizojisokota, usizinunue tena. Zilitusaidia wakati wake, lakini asubuhi ya Juni au Julai huku juu zinawaka kwa uvivu, unamaliza kunywa chai ndipo zinachangamka. LED inawaka pale pale, na baridi yetu inaipenda: kinachoiua haraka ni joto. Halafu enaji seva ina zebaki ndani. Nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kuachana na zile za majumbani kufikia 2025. Ikikuvunjikia, fungua madirisha, toa watoto nje, kusanya vipande kwa karatasi ngumu. Usitumie mkono, wala usifagie vumbi lake kuzunguka nyumba nzima.

Rangi nayo. Kwenye boksi utaona 3000K au 6500K. Ya kwanza ni ya njano, ya pili ni nyeupe sana. Weka nyeupe jikoni na mezani pa kusomea. Sebuleni na chumbani weka njano. Katika mji wenye baridi kama huu, sebule nyeupe inafanana na zahanati. Nje weka njano vilevile, kwa kuwa wadudu huifuata kidogo. Isipokuwa usiku wa kumbikumbi, na wewe unawataka. Hapo washa nyeupe, weka beseni la maji chini yake.

Kabla ya kuongeza wati, shusha balbu. Nyumba nyingi hazina dari, na taa imefungwa juu kabisa kwenye mbao za paa, inamulika bati na buibui. Ukipunguza umbali kati ya balbu na meza kwa nusu, mezani unapata mwanga kama mara nne. Fundi akuongezee waya ili balbu ishuke, na ukuta upake chokaa. Mtoto anayesoma, mpe taa ya wati 3 mezani kwake badala ya wati 15 juu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanalijua hili. Zamani ilikuwa karabai, sasa wengi wana LED na betri, lakini taa hainyanyuliwi kumulika mbingu. Inaelekezwa majini, samaki waliko.

Kama unapikia kuni, futa balbu ya jikoni kila mwezi. Zima kwanza, ipoe, tumia kitambaa kikavu. Masizi yanaweza kukupunguzia mwanga mwingi ukadhani balbu imechoka.

Umeme ukikatika mara kwa mara, nunua balbu moja au mbili za kuchaji. Zina betri ndani, na nyingi huendelea kuwaka saa tatu hivi. Watu wengi huziharibu kwa kutojua: haichaji swichi ikiwa imezimwa. Ipachike mahali panapowaka kila jioni, na umeme ukikata acha swichi kama ilivyo.

Na LED ikiendelea kung'aa kwa mbali baada ya kuizima, usikimbilie kuilaumu balbu wala mganga. Huenda fundi alipitisha swichi kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Maana yake holda ina umeme hata ukizima. Usibadilishe balbu hapo kabla ya kuzima meinswichi, na mwite fundi arekebishe.

Kama nguzo haijafika kwenu, iwe huku Ufipa juu au kule Bonde la Rukwa, achana na kibatari. Taa tatu za sola za wati 3, saa tano, zinakula wati-saa 45 tu kwa usiku. Paneli ya wati 20 inazirudisha siku ya jua la kawaida. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 18 inabeba kama wati-saa 216. Tumia nusu, usiimalize, na utakuwa na usiku mbili za mawingu bila wasiwasi. Nunua taa za volti 12 zenyewe. Ukizipitisha kwenye inverta, inverta nayo inakula sehemu yake. Paneli ielekee kaskazini, iinuke kidogo, na kiangazi uifute vumbi na majivu ya mashamba yanayochomwa.

Mchana kwenye stoo yenye giza huhitaji umeme kabisa. Badilisha bati moja uweke la plastiki linalopitisha mwanga. Au fanya kama fundi mmoja wa Brazil, Alfredo Moser, alivyofanya mwaka 2002 umeme ulipokatika: chupa ya plastiki ya lita mbili, maji safi, vifuniko viwili vya dawa ya kung'arishia nguo ili maji yasiote ukijani. Ichomeke kwenye tundu la bati, nusu nje nusu ndani, uzibe pembeni vizuri. Masika yatakuambia kama ulijitahidi.

Sasa zile balbu za zamani ulizozitoa, usitupe zote. Kama unafuga kuku, joto lililokuwa hasara sebuleni linatakiwa bandani. LED huko haifai kitu. Niliwahi kuipachika nikidhani nabana matumizi, na asubuhi nikawakuta vifaranga wamelundikana kona moja, wa chini wamekufa. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Julai hapa haukaribii hata nusu yake. Ning'iniza balbu kwa mnyororo, si kwa waya wake, mbali na maranda yasije yakashika moto. Kisha watazame wenyewe. Wakijikusanya chini yake, ishushe kidogo. Wakiikimbia wakihema mdomo wazi, ipandishe. Wakitawanyika wanadonoa, nenda kalale.